Tambara Ndani ya Mtutu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokaribia kumuua mjomba wangu kwa neno moja tu, wala halikuwa tusi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi kukaa nyumbani, kazi ambayo mpaka leo naiweza kuliko zote. Mkazamjomba alizoea kunitania, "Hata paka wa jikoni hapa hufika mbali kuliko wewe." Shamba letu la mahindi lilikuwa nje kidogo ya mji wa Kwale, ubavuni mwa msitu, na nyani walilijua kuliko sisi. Mjomba Salimu alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja, yenye kibali, ya kuwafukuzia. Masika yale ilitundikwa ukutani bila kuguswa, mtutu ukaingia kutu ndani.

"Kutu umeisoma shuleni," akaniambia. "Sasa itoe. Mimina mafuta ya taa, yalale humo mpaka kesho. Halafu brashi ya waya, kisha tambara, mpaka tambara litoke jeupe. Kawia ufike."

Kuisoma nilikuwa nimeisoma: chuma, maji na hewa. Kungoja mpaka kesho ndiko sikufundishwa. Nilifunga tambara kwenye ncha ya ufito, nikausukuma mtutuni kwa nguvu, ukavunjika. Kipande kikabaki ndani na tambara lake. Nikagonga, nikapuliza kama mtu anayewasha kuni mbichi. Wapi. Basi nikaupaka mtutu mafuta kwa nje, ukang'aa kama kiatu cha Idi, nikaitundika bunduki mahali pake.

"Tayari?" akauliza mjomba kesho yake asubuhi.

"Tayari."

Nikaketi kula mihogo. Hata sijamaliza, nyani wakaingia mahindini, mjomba akaitwaa bunduki akatoka. Nikautupa muhogo. Bunduki iliyoziba ikipigwa, mtutu hupasuka, na uso ulio nyuma yake ndio unaopokea. Nilikimbia peku, mimi nisiyekimbilia hata pilau, nikamkuta ameshatia risasi, bunduki ipo begani.

"Mjomba, usipige. Tambara limo ndani."

Akaishusha polepole, akatoa risasi, akachungulia. Giza tupu. Nyani wakaendelea kula bila wasiwasi. Nikangoja kofi.

"Kila siku huchungulia kabla ya kutia risasi," akasema. "Leo sikuchungulia, kwa sababu wewe umeniambia tayari."

Afadhali angenizaba.

Nikaanza upya. Mara hii mafuta ya taa yalilala mpaka kesho yake, nikakitoa kipande kwa fimbo ya chuma, kisha nikasugua siku mbili mabega yakiwaka moto. Matambara yalitoka mekundu, yakaja rangi ya chai, yakaja rangi ya vumbi. Mkazamjomba akauliza kama nimeioa hiyo bunduki. Nikazidi kusugua. La mwisho lilipotoka jeupe, sikusema tayari. Nilimpelekea mjomba bunduki ikiwa wazi, nikamwambia, "Chungulia."

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kukosea utakosea, hata mimi bado naendelea. Lakini kosa liseme kabla mtu hajaliegemezea shavu lake. Mficha uchi hazai, na mimi nilikaribia kuzika. Na kazi ya ndani, isiyoonwa na mtu, imalize yote, maana anayekuamini hatachungulia. Mwenyezi Mungu akujaalie mikono yenye subira na ulimi unaotangulia aibu, na awalinde wote wanaolichukua neno lako bila kuuliza mara ya pili. Amin.