Msimu wa Mlango na Mpishi

Harufu ya kahawa ya maganda inayoanikwa juani haifanani hata kidogo na ya kahawa iliyo kikombeni. Ni harufu nzito, tamu kwa mbali, yenye uchachu kama wa ndizi zilizoiva kupita kiasi, na ikichanganyika na ya udongo uliotoka kunyeshewa humfuata mtu hadi kitandani. Mwezi wa sita pale Kamachumu kila uwanja wa nyumba ulitandikwa mikeka na maturubai, na sisi watoto wa vibanjani, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, tulijua kugeuza kahawa kwa miguu kabla ya kujua kuandika majina yetu. Mwaka niliokuwa darasa la sita, kazi hiyo niliimaliza kila siku mapema kuliko dada zangu wote. Nilikuwa na haraka. Saa kumi jioni nilitakiwa niwe nimeshakaa kwenye karakana ya useremala ya baba mdogo Mugisha, juu ya rundo la maranda ya mbao, macho kwenye televisheni.

Baba mdogo alikuwa ameishi Mwanza miaka kadhaa na huko akacheza mpira wa kikapu, kwa maelezo yake vizuri sana, kwa maelezo ya wengine kiasi. Aliporudi alileta randa, misumeno, dishi la setilaiti na mapenzi ya ligi ya kulipwa ya Marekani. Mechi zenyewe zilichezwa sisi tukiwa usingizini, lakini jioni yake zilirudiwa, na baba mdogo alimkataza kila mtu kumwambia matokeo. Msimu ule wa mtoano watu wote wa karakana waligawanyika kwa sababu ya majitu mawili, wachezaji warefu wa katikati wa timu mbili zilizokuwa zinaelekea kukutana fainali. Majina yao yalitushinda kutamka, tukawapa yetu. Wa kwanza alikuwa mpana wa kifua, na mikono yake ilipanda juu ya pete kabla ya mpira kufika. Huyo tulimwita Mlango, maana akiujia mpira, kikapu kimefungwa. Wa pili alikuwa mrefu vilevile lakini mzito kidogo, haruki sana, na alicheza kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Alipokea mpira akiwa amewapa mgongo wapinzani, akatulia, na ghafla mpira ukawa mikononi mwa mwenzake aliyesahauliwa chini ya kikapu. Tulimwita Mpishi, kwa sababu alipakulia kila mtu.

Baba mdogo alikuwa wa Mlango. Upande wa Mpishi ulikuwa na mtetezi ambaye hakuna aliyemtarajia: bibi yangu Severina, mama yake baba mdogo, ambaye jioni moja alikuja karakanani kudai kigoda chake kilichokuwa kikitengenezwa tangu Pasaka. Alikikuta kimekwisha, akakikalia ili akijaribu, akatazama televisheni kidogo, na hakuinuka mpaka mechi ilipomalizika. Kesho yake alirudi na kahawa ya kutafuna ndani ya kijaluba cha majani ya mgomba. Siku ya tatu alianza kubishana.

"Huyu wako anaruka tu kama panzi," alimwambia mwanawe. "Tazama miguu ya mwenzake."

"Mama, kikapu kiko juu. Miguu ya nini?"

"Wewe umewahi kubeba mkungu kichwani ukateremka mlima wa Kamachumu wakati wa mvua? Hujawahi. Mwenye mkungu haangalii mkungu, anasikiliza miguu."

Basi wakaamua kupimana kwa punje za kahawa. Kila Mlango alipozuia mpira, baba mdogo aliweka punje upande wake wa benchi la randa. Kila Mpishi alipotoa pasi ya kufunga, Bibi aliweka yake. Lakini ugomvi ukahamia kwenye thamani. Baba mdogo alidai kuzuia ni punje mbili, kwani unamnyima adui na kumvunja moyo. Bibi akasema pasi ni punje tatu, kwani inamlisha mmoja na kuwafundisha wanne. Kisha jioni moja Bibi akafanya jambo lililotuacha midomo wazi. Mlango alikuwa amesimama tu, kama gogo, mlinzi wa timu pinzani akajigonga kifuani mwake, na kijana mfupi wa timu ya Mlango akapita peke yake akafunga. Watu wakamshangilia mfungaji. Bibi akachukua punje yake mwenyewe akaiweka upande wa baba mdogo. "Hiyo ni ya Mlango," alisema. "Amemkinga mwenzake na hakuna aliyemuona." Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimetazama mechi nyingi kabla ya siku hiyo bila kuona kitu.

Sasa niseme kwa nini yote haya yalinigusa. Mwaka ule nilikuwa nimerefuka ghafla, kama mgomba uliopandwa kwenye samadi. Niliwapita wavulana wa darasa langu, nikampita mama, nikabakiza vidole viwili kumfikia baba. Shuleni waliniita Mlingoti. Mstarini nilisimama nyuma nikiwa nimekunja magoti, na nilijifunza kutembea nimejikunyata mabega hadi mama akadhani naumwa kifua. Mwalimu wa michezo alikuwa amenichagua niwe mfungaji wa netiboli, ila maelekezo yake yalikuwa mafupi: "Koku, wewe simama karibu na goli, nyoosha mikono, basi." Nilinyoosha nusu, kwa aibu. Lakini pale karakanani niliona watu wazima, wavuna kahawa wenye kucha nyeusi, wakiinuka vitini kuwashangilia watu ambao kosa lao lilikuwa kama langu. Na wale hawakuwa wamejikunyata.

Bibi aliniona ninavyotazama. Siku moja, tukigeuza kahawa, aliniambia kwa Kihaya nilaze chini ufito niliokuwa nimeushika. Akasimama katikati ya mkeka, akakita mguu mmoja, na kwa ule mwingine akazunguka taratibu, mbele, pembeni, nyuma, kitenge chake kikimfuata. "Huu umeshika ardhi," akasema, "huu unatafuta njia. Ndivyo anavyofanya Mpishi. Fanya, mwana wange." Nilifanya mpaka kahawa ikatimkia kwenye majani na sote wawili tukakemewa na mama. Netiboli haina kudunda mpira wala kukimbia nao. Mguu ulioukita ndio mali yako yote. Baba mdogo aliposikia, naye hakukubali kuachwa. Alipigilia pete ya chuma kwenye mkaratusi nyuma ya karakana, akawa ananirushia mipira ya juu huku akipiga kelele: "Ifuate! Usiisubiri ije! Mlango hasubiri!" Kwa wiki tatu nilifundishwa na makocha wawili wasiosikilizana, na ninaweza kuapa kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Mashindano ya shule yalifanyika Muleba mjini, siku ya Jumamosi, na wapinzani wetu walikuwa wasichana wa shule moja kutoka upande wa Kagoma, wepesi kama swala. Balaa ni kwamba jioni hiyo ndiyo ungerudiwa mchezo wa saba, wa mwisho, wa fainali ya Mlango na Mpishi. Nilijua hakuna wa kwetu atakayekuja. Tulikuwa tumeshaanza kucheza nilipoona pikipiki ya baba mdogo ikiingia uwanjani, na nyuma yake, amekaa upande, amevaa kitenge cha kanisani, Bibi Severina.

Nilisimama wima. Sikumbuki kuamua, mgongo ulinyooka wenyewe. Mpira wa kwanza wa juu niliufuata, nikaudaka, nikafunga. Wa pili vilevile. Wasichana wa Kagoma wakaleta walinzi wawili kunibana, nami nikakita mguu, nikazunguka, nikampa Anagrace, mfungaji mwenzangu aliyekuwa mfupi kuliko timu nzima, akafunga. Nilimsikia Bibi kutoka pembeni, "Miguu! Miguu!" na baba mdogo akimjibu, "Mikono, Mama, ile ni mikono!" Tulikwenda bega kwa bega hadi dakika ya mwisho tukiwa nyuma kwa goli moja. Mpira ukanijia. Walinzi wote wawili walikuwa juu yangu, na Anagrace alikuwa peke yake chini ya goli. Nikampa. Mpira wake ukazunguka kwenye pete mara moja, mara mbili, ukadondokea nje. Filimbi ikalia.

Anagrace aliketi chini akalia. Nilikaa karibu yake nikamwambia jambo pekee lililokuwa kweli: "Ikirudiwa, nakupa tena." Aliniangalia kama mwendawazimu, kisha akacheka huku kamasi zikimtoka.

Pembeni ya uwanja vita vilikuwa vimeanza. "Mlango angefunga mwenyewe!" alifoka baba mdogo. "Angewarukia wote wawili!" Bibi alikuwa amemnyooshea kidole. "Pasi ilikuwa sahihi. Mpishi angetoa hiyo hiyo." Baba mdogo akasema mikono yangu ni ya Mlango mtupu. Bibi akasema mikono sawa, lakini macho na miguu ni vya Mpishi, na mikono bila macho ni matawi. Watu wa Muleba, wasiojua hayo majitu ni akina nani, wakawazunguka kusikiliza, na mzee mmoja muuza dagaa kutoka visiwani, aliyekuwa akitafuta kivuli tu, akaingilia akisema msichana huyu wanamfananisha na nani wakati yeye hajaona mwingine wa namna hiyo. Nilisimama pale, nimeshindwa, nimejaa vumbi, nikagundua kwamba mjadala wa karakana ulikuwa umenihamia mimi. Hatimaye mchezo wa saba tulisimuliwa Jumatatu: timu ya Mlango ilitwaa ubingwa. Bibi alipokea habari kwa utulivu. "Hongera zake," alisema. "Miguu yake imeanza kupata akili."

Leo naishi Rwamishenye, ninafanya kazi ya kuwashauri wakulima wa kahawa, na msimu wa mtoano ukifika vijana wa ofisini wanafungua simu na kusoma kila kitu: mara ngapi jitu fulani amezuia, amepasi mara ngapi, hata amemkinga mwenzake mara ngapi. Ubishi ambao sisi ulitumalizia wiki tatu, wao unawachukua dakika moja. Siwalaumu, tena nawaonea wivu, maana mimi pia natazama mechi mubashara siku hizi na nimeona warefu wapya wanaotupa kutoka mbali kama wafupi. Ila kwao hesabu ikishafungwa, mazungumzo yamekwisha, na kila mmoja anarudi kwenye kioo chake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, lakini mtu anahitaji mwingine wa kumwambia ubawa wake ni upi, tena kwa sauti, mbele ya watu. Wiki iliyopita kijana mgeni ofisini, aliyesita kwanza kwa heshima, aliniuliza, "Samahani dada, hivi una urefu gani?" Wenzake wakainamisha vichwa, wakidhani nimeudhika. Nikasimama ndipo nikamtajia, na nikaongeza sentimita mbili.