Kusafisha Kanzidata Saa ya Ijumaa

Kosa langu kubwa la mwanzo kazini lilikuwa kuzima usafishaji wa kanzidata na kuupangia saa ya sala ya Ijumaa. Wakati ule niliona nimefanya jambo la akili.

Duka liko Boko. Linauza saruji, nondo na mabomba, na nyuma yake kuna kisima na maboza ya maji yanayozunguka hadi Wazo na Mbweni. Mwenye duka ni mama wa Kiarabu ambaye ukoo wake umefanya biashara hapa pwani tangu kwa babu zake; sote tunamwita Bi Mkubwa. Nilimtengenezea mfumo: simu ya kila dereva inatuma mahali boza lilipo, na dada anayepokea oda anaona kwenye skrini lipi liko karibu na mteja. Bi Mkubwa alikubali kuujaribu kwa sharti moja. Mfumo ukimwaibisha mbele ya wateja, tunarudi kwenye kupigiana simu, nami nikatafute kazi kwingine. Sina cheti chochote. Nimejifunza kwa video na kwa kuharibu, kwa hiyo sharti lile liliniketi kifuani.

Kanzidata tunayotumia, ukibadilisha taarifa, haifuti ya zamani papo hapo. Inaandika mpya pembeni, na ya zamani inabaki imekufa hadi ifagiwe. Boza likisogea, mstari mmoja unakufa. Maboza yakishinda barabarani, mistari mifu inajaa, na kutafuta kitu kidogo kunakuwa kama kupekua ghala. Ndiyo maana upo ufagiaji unaojiendesha wenyewe. Mie sikuupenda. Ulikuwa unapandisha ghafla mstari wa grafu inayoonyesha kazi ya seva, na mimi ni mtu ninayerudi nyumbani kutoka kituoni kuangalia kama kweli nimefunga mlango. Nikauzima. Badala yake nikapanga ufagio mkubwa, ule unaolifunga jedwali zima la maboza, lisiandikwe wala kusomwa hadi umalize, uanze duka linapofunga milango kwa ajili ya sala.

Juu ya hapo, kumbukumbu ya seva nikaipa kanzidata karibu yote, ili iweke karibu yale inayoyasoma mara kwa mara. Nilidhani ikiwa nyingi ndiyo itakimbia zaidi. Mfumo endeshi ukakosa pa kupumulia, ukaanza kutegemea diski, ambayo ni nzito, na ufagio wa Ijumaa ukazidi kuchelewa. Sikuona lolote. Saa hiyo nilikuwa msikitini, simu nimezima.

Ijumaa moja nilirudi nikamkuta dada amesimama, simu huku na huku. Mbweni kulikuwa na walima, karamu ya harusi, masufuria yako jikoni na tangi ni tupu. Skrini ilimwonyesha boza lililojaa karibu na nyumba ile, akawaahidi. Kumbe skrini ilikuwa imeganda; boza lile lilikuwa limeshamwaga maji kwa mtu mwingine na limerudi kujaza. Dereva wake, mtu wa Mbeya asiyeweka neno moyoni, aliingia ofisini.

"Dogo, skrini yako inasema bado niko Wazo. Nimefika hapa, nimekunywa soda, nimemaliza, bado niko Wazo!"

"Kila Ijumaa ndivyo ilivyo," dada akasema. "Mie nilijua mtandao."

"Saa ya sala?" nikauliza.

"Saa ya sala ndiyo barabara nyeupe, braza," dereva akadakia. " Nyie mnasujudu, sie tunapiga tripu. Ulidhani na maboza yanatawadha?"

Dada alicheka, simu bado zinaita. Mie nilikaa chini. Nusu ya madereva wetu ni Wakristo kutoka bara, nakula nao chapati kila asubuhi, na haikunijia hata siku moja kwamba duka likifungwa wao hawajafunga.

Maji yalifika Mbweni baada ya majirani kuchangiana ndoo. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshampigia Bi Mkubwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Wananiambia mtandao."

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea: ningeitikia tu kuwa ni mtandao, yangeisha.

"Hapana. Ni mimi," nikasema, nikamweleza.

"Kwa hiyo ulinifungia duka nikiwa na wateja."

"Ndiyo."

"Ijumaa ijayo nitakaa hapa mwenyewe. Ikiganda, tumemalizana, mwanangu."

Wiki ile nilirudisha ufagiaji mdogo na kuufanya upite mara nyingi zaidi. Niliacha nafasi katika kila ukurasa wa data ili mstari mpya ukae jirani na ule wa zamani. Niliondoa faharasa, orodha ya kurahisisha utafutaji, niliyoiweka kwenye safu ya mahali, kwani kila boza liliposogea nayo ilibidi iandikwe upya, na hakuna aliyewahi kuitumia. Kumbukumbu ya kanzidata nikaipunguza hadi robo.

Ijumaa Bi Mkubwa alikaa kando ya dada na kikombe cha kahawa. Vidoti vya maboza vilitembea kwenye skrini. Nilikwenda kusali, nikarudi, bado vinatembea.

"Yule wa Mbeya mbona kasimama?" akauliza.

"Anakula, Bi Mkubwa."

"Sasa hivi? Mpigie!"

Mfumo ulibaki, nami nikabaki. Siku hizi ufagiaji unapita kidogo kidogo kutwa nzima, grafu ina vilima na sivigusi. Na kabla sijapanga kazi yoyote inayofunga jedwali, namuuliza dada ni nani atakuwa barabarani.