Firigisi ya Safari ya Agosti

Leo firigisi yangu amepewa mwanamume mwingine, mke wangu akiona.

Nawaandikia nyote barua pepe hii kabla hasira haijapoa.

Tulikuwa Sio Port kwa baba mkwe, tukipanga safari ya familia ya likizo ya Agosti. Tuvuke mpaka hapa Busia tuingie Uganda, tupitie Jinja na Kampala hadi milima ya Kabale, halafu turudi kwa njia ya Mbale na Malaba.

Ramani nilichora mimi. Na mkwe wa kwanza ni mimi, mwalimu.

Lakini Peugeot tutakayosafiria ni ya Wandera, aliyemwoa mdogo wa mke wangu juzi tu.

Kuku akaletwa. Miaka yote, firigisi ya kuku wa boma hilo, kipande cha heshima, huwekewa mimi. Nikasogeza sahani kabisa.

Mzee akaichukua, akamwekea Wandera.

"Dereva ale vizuri."

Mke wangu akaanza kuangalia ukuta. (Ukuta wenyewe hauna hata kalenda.)

Wandera akaigeuza kwa kidole, akaisukuma pembeni.

"Asante mzee, lakini hii kitu mimi sikulangi. Inanikwama kwa meno."

Hakuwa anaringa. Hapo ndipo paliponiuma: hakuitaka hata.

"Basi mpatie mwalimu," mzee akasema.

Ikatoka sahani yake ikaja yangu, watu wote wakitazama.

Nyinyi mngefanya nini?

Mimi nilikula. Ilikuwa tamu.

Halafu Wandera akaniuliza, kwa heshima zote, kama nitaenea kiti cha nyuma na watoto.