Mkojo, Mate, Nywele

Siku yangu ya kwanza ya kupima madawa ya kulevya, niliwarudisha nyumbani watu safi na nikawapitisha wavuta bangi. Nalisema mapema, usije ukanisoma ukidhani mimi ni profesa. Nilikuwa nimezeeka na hadubini katika hospitali ya kampuni ya shaba, na vipimo vya karatasi nilivyovijua vilikuwa vyepesi: mstari ukiongezeka, ugonjwa uko. Kumbe bandeleti ya bangi, ile karatasi nyembamba ya kuchovya kwenye mkojo, inasema kinyume. Mistari miwili, mtu ni safi. Mmoja tu, amekamatwa.

Docteur-chef, daktari mkuu wa kliniki yangu mpya, alipoona daftari langu alivua miwani.

“Papa Anselme, tulikutuma utafute bachauffeur. Umetuletea orchestre nzima ya bavuta bangi!”

Tukawaita wote upya.

Kampuni ya shaba ilikuwa imeanguka. Hospitali ikafungwa, vitanda vikabebwa, na mimi ninayependa kiti changu cha nyumbani, mtaa wa Naviundu, kuliko kazi yoyote nikalazimika kutoka. Nilipata kazi kwenye kliniki ya wasafirishaji wa malori, njia ya Luano. Kila asubuhi mlangoni walijaa mafundi, makarani, hata walimu, wote wakitaka kazi ya usukani.

Docteur-chef alinifundisha tena, safari hii polepole. Mate yanaonyesha alichotumia mtu leo au jana. Yanamfaa dereva aliye tayari barabarani. Mkojo unarudi nyuma siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hata majuma. Nywele zinakumbuka miezi, lakini ilibidi zisafiri hadi Afrika Kusini, na nusu ya waombaji walikuwa na vipara kama changu. Basi tukabaki na mkojo. Tulishika kila kikopo kuhakikisha kina joto, maana watu walileta mkojo wa wake zao. Mmoja alileta chai. Ilikuwa na sukari.

Sheria moja Docteur-chef aliirudia sana: bandeleti inashuku tu, haihukumu. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kuonekana kama heroini. Ndiyo maana mkojo ulioshukiwa unapaswa kwenda kwenye mashine kubwa, ile inayotenganisha dawa moja na nyingine. Mashine hiyo nayo ilikuwa Afrika Kusini.

Siku moja Docteur-chef akiwa safarini, alikuja Fundi Léon, jirani yangu, zamani fundi wa treni. Kwenye bandeleti ya heroini ukatoka mstari mmoja.

“Papa Anselme, njo ile siro, dawa ya kukohola,” akasema. “Weye unaniyua. Andika ile siro.”

Niliiandika pembeni, nikaenda kwa Chef du personnel, mkuu wa kuajiri.

“Mukubwa, huyu muntu anakunywa siro tu. Tutume mikojo yake kwa mashine, ao tumupime tena kisha wiki moja.”

“Kisha wiki moja gari itakuwa imeisha kwenda. Haukuona bantu ku mulango? Andika positif.”

“Lakini, Mukubwa…”

“Ao unataka bakupime na weye?”

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi, si mwake. Nikaandika.

Léon hakunigombeza. Alikunja karatasi yake, akanisalimia, akaenda Kambove kuchimba madini na wachimbaji wa mikono. Mvua zilipokolea, shimo likamfunika. Alirudi Naviundu juu ya lori, amelazwa, na waliomlilia kwanza ni watoto wake wanne.

Nimestaafu sasa. Ninakaa nyumbani, kazi pekee niliyowahi kuiweza vizuri. Nyinyi vijana wa maabara mna vipimo vizuri kuliko vyetu. Sina la kuwafundisha, ila hili: kabla ya kuchovya, muulize mtu anakunywa dawa gani, na akikujibu, usiandike kana kwamba hukusikia.

Baada ya mazishi, mwaka mzima nilimkwepa mjane wa Léon, Mama Véro. Mwishowe nikaenda. Nilimweleza yote: bandeleti, kodeini, na jinsi ambavyo mashine ya Afrika Kusini ingemwokoa bwana wake. Aliendelea kuchambua matembele mpaka nikamaliza, ndipo akaniangalia.

“Papa Anselme, nyumba zetu ziko na ukuta moja. Kila asubui ulikuwa unasikia bwana yangu anakohola. Ile mashine ingekuambia nini tena?”