Jogoo wa Kuagia Kazi

Jamani, naomba mnicheke mara moja mmalize, maana habari hii wakiisimulia wengine huwa wanaiongezea chumvi, na mimi naona bora niiseme mwenyewe, chumvi iliyomo inatosha. Mnanijua mimi Yohana, siyo mtu wa kuaibika ovyo. Ila siku ile ya kuagwa kazini, pale Mandewa, niliaibika mpaka masikio yakapata moto.

Nilikuwa mtu wa stoo kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti (kidogo kweli, mashine moja na watu tunaotosha kwenye benchi moja), nikapata kazi nzuri zaidi Shelui, kutunza ghala la nafaka la tajiri mmoja anayeitwa Bwana Kitundu. Funguo zote mkononi mwangu! Huyu mzee aliniambia wazi kwamba hatafuti mwenye vyeti, anatafuta mwaminifu, na siku ya kuagwa atakuja mwenyewe na pikapu yake kunichukua mimi na godoro langu. Hilo la uaminifu mlishike, litarudi.

Sasa kwetu anayeondoka ndiye anayepewa zawadi, analishwa keki, anashukuru, basi. Mimi nikaona hapana, mimi nitaondoka kwa namna ambayo haijawahi kuonekana pale kiwandani, na mimi niwape wenzangu kitu. Shida ilikuwa mfuko. Nikawaza vikombe, nikakumbuka kila nyumba ina vikombe kabatini vinavyosubiri wageni wasiokuja. Nikawaza sabuni ya mche, nikaona watadhani nawaambia hawaogi. Ndipo jibu likaja lenyewe, kwa sababu wiki ile yote mazungumzo kazini yalikuwa ni kuku tu. Mandewa iliingiliwa na mwizi wa kuku. Msimamizi wetu, Mama Mwajuma, alikuwa amepoteza jogoo wake mwekundu aliyempenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na Mzee Ntandu, mlinzi wetu, alikuwa ameibiwa tetea (mlinzi kaibiwa, tulimtania mpaka akasusa chai). Nikajiambia, Yohana, wewe una akili sana, watu wamepoteza kuku, wape kuku.

Mpango ulikuwa niende Issuna sokoni, kule bei siyo mbaya. Asubuhi ya siku yenyewe natembea kwenda barabarani kutafuta gari, nikakutana na jamaa wa baiskeli, tenga la kuku nyuma, anakanyaga pedeli utafikiri anafukuzwa. Wauza kuku wote ninaowajua mimi asubuhi wanaingia mjini, huyu alikuwa anatoka. Mimi nikaona ni bahati yangu. Nikamsimamisha, akataja bei, nikaomba apunguze, akapunguza kabla sijamaliza kuomba, nikaomba tena, akapunguza tena, na mwisho akaniachia na tenga lake bure (mwenye akili zake hapo angejiuliza, mimi nilikuwa najisifu kwa kujua kubembeleza bei). Nikarudi nyumbani napiga mluzi, na nauli ya Issuna bado iko mfukoni.

Nikakaa kuwapamba. Kulikuwa na jogoo mmoja mkubwa, mwekundu, nikasema huyu ndiye atakayemfuta machozi Mama Mwajuma, maana bosi ni bosi. Mguuni alikuwa amefungwa kipande cha kitenge, cha njano chenye maua ya zambarau, kimechakaa, nikakikata kwa wembe nikamfunga utepe mwekundu wa dukani. Kile kitambaa sikukitupa, nikafungia mdomo wa tenga.

Basi turubai likafungwa pale uani, viti vya plastiki, pilau, soda. Bwana Kitundu akafika, nikampa shikamoo yake, akawekwa kiti cha mbele. Mama Mwajuma naye akatokea kapendeza, gauni la kitenge cha njano chenye maua ya zambarau. (Ndiyo. Na mimi nikamwambia, "Bosi, leo umetuweza," na hata hapo akili haikufunguka.)

Mshereheshaji alikuwa Juma, fundi wetu wa mashine. Akashika kipaza sauti: "Ndugu zangu, leo tunaona maajabu, anayeondoka ndiye anayetoa!" Muziki ukawekwa, nikaingia nacheza na tenga kichwani, vigelegele, najiona mkubwa kuliko mkuu wa mkoa. Juma nikampa tetea wake mwenye utepe. Halafu nikamwendea Mama Mwajuma. Alipokea kwa kucheza, akazunguka mara moja na jogoo kifuani, kisha akasimama. Akamtazama jogoo. Jogoo naye akamtazama, akawika.

"Yohana."

"Naam, bosi."

"Huyu umemtoa wapi?"

"Nimekununulia, bosi, ufute machozi ya yule aliyepotea."

"Huyu ndiye aliyepotea."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Mama Mwajuma hakucheka. Akamwinua mguu, akaonyesha kidole kimoja kilichokatika ukucha, akasema alibanwa na mlango wa jikoni kwake. "Na alikuwa na kitambaa hapa mguuni. Kiko wapi?"

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikajibu haraka: "Nilikitoa, bosi, kilikuwa kimechakaa."

Muziki ukazimwa. Macho ya watu yakaenda kwenye mdomo wa tenga, yakahamia kwenye gauni la bosi, yakarudi kwenye tenga. Mzee Ntandu akainuka taratibu, akasema tetea aliyepewa Juma afunguliwe miguu. Akafunguliwa. Mzee akaita kwa ule mwito wa kuwaitia kuku jioni, na yule tetea, bila kunionea huruma, akakatiza katikati ya viti akaenda kulala chini ya kiti cha mzee.

Bwana Kitundu akaweka soda yake chini, akageuka kuitazama pikapu yake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kuchekwa nimezoea, lakini niliiona kazi ya Shelui inawasha gari na kuondoka, na jina langu linabaki Mandewa na wizi wa kuku juu yake.

Nikaeleza habari ya baiskeli, jasho linanitoka.

"Anaitwa nani huyo mtu?" akauliza Mama Mwajuma.

"Sikumuuliza."

"Alikuwa anaelekea wapi?"

"Alikuwa anatoka mjini."

"Na kuku? Anatoka nao mjini asubuhi?"

Nilipousikia ujinga wangu unasemwa na mtu mwingine, ndipo nilipouelewa. Mzee Ntandu ndiye aliyeniokoa. Alicheka kwanza, akaweka mkono begani kwangu. "Sikilizeni. Mwizi gani anamrudishia mtu kuku wake, kamfunga na utepe, halafu anacheza? Huyu siyo mwizi. Huyu ni mjinga tu."

Jamani, sijawahi kufurahi kuitwa mjinga kama siku ile.

Bwana Kitundu akauliza, "Kwa hiyo mzee, nimchukue au nisimchukue?"

"Mchukue. Mali yako hataigusa. Ila usimtume sokoni."

Uwanja mzima uliangua kicheko, na Kitundu mwenyewe akawa anajifuta macho kwa leso. Tulipita kwa mwenyekiti wa mtaa tukamwachia kuku waliobaki awatafutie wenyewe, nikatakiwa nieleze sura ya yule jamaa, na nilichokumbuka ni bei tu. Wakati napanda pikapu, Mama Mwajuma akaja na jogoo. Alikuwa amekwisha kumfunga tena kile kitambaa cha njano. "Shika," akasema. "Sasa amekupa mwenye mali." Nikampokea kwa mikono miwili.

Basi niko Shelui, funguo ziko kiunoni, na mpaka leo hata ufagio wa ghala ananunua mtu mwingine. Sinung'uniki. Siku nikiaga hapa nitawapa sabuni ya mche, na wakidhani nawaambia hawaogi, wadhani. Juzi amepita jamaa na baiskeli, tenga nyuma, ananiita, "Kaka, habari za asubuhi, kuku bei poa!" Nikamkamata kwanza jogoo wangu, nikamfungia ndani, nikahakikisha kitambaa kiko mguuni, ndipo nikatoka kuitikia salamu.