Kutafuta Sura ya Migomba Hadi Runazi

Niliondoka Bugarama kwa sababu Biblia yangu ilikuwa imeninyima jibu. Mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba ya marehemu mume wangu, naye amezikwa humo humo, katikati. Bwana shamba alisema ng'oa yote, fukia, la sivyo majirani nao watapoteza yao. Kila alfajiri nilisali, nikafumba macho, nikafungua Agano la Kale popote na kuweka kidole. Siku moja kidole kiliangukia vipimo vya hema. Nilikasirika mpaka nikalia.

Asubuhi hiyo hiyo nilipanda gari la Biharamulo. Mvua ilinyesha njia nzima, na kila shamba lililonyauka tulilolipita nililihesabu.

Runazi nilifika mchana kwa pikipiki, nimelowa chepechepe. Shangazi yangu wa huko, mjane kama mimi, anasifika ukoo mzima kwa kusoma Agano la Kale kila siku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza yote, nikamwomba anitafutie sura ya kuniamulia.

"Mimi sitafutitafuti," akasema. "Nasoma kwa kufuata. Nilipoishia leo, kesho naendelea hapo."

Alfajiri tulikaa kibarazani. Sura ya siku hiyo ilikuwa majina matupu ya baba na watoto wao. Akayasoma polepole, mpaka la mwisho.

"Jamani, shangazi! Nimetoka Bugarama kuja kusikia majina?"

"Asubuhi baada ya kumzika mume wangu nami nilikuta majina. Nikayasoma, nikaenda kupalilia mihogo." Akafunga kitabu. "Jibu unalo, bwana shamba alishakupa. Wewe unatafuta wa kukukataza kung'oa."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli.

Njiani kurudi nilitazama tu dirishani. Nilichojifunza ni hiki: kusoma kila siku hakukuondolei kazi ya kuamua, kunakuzoesha tu kuamka na kuifanya. Laiti ningejifunza jambo tamu zaidi.

Bugarama, kesho yake, nilisoma sura ya kwanza kabisa, kisha nikachukua panga na jembe. Nilianzia pembeni, migomba ya kaburini nikaiacha mwisho. Ilipoanguka, kaburi likaonekana mpaka barabarani. Mpita njia mmoja akasimama, akavua kofia, akanipa pole kana kwamba tumezika siku hiyo.