Picha ya Mama Zuhura na Neno Lililokatwa

Siku ya kwanza kazini, pale Kitangari, Mkuu wa Shule aliniangalia mikono akauliza, "Rangi ziko wapi, Mwalimu?" Nikamwambia sikupewa. "Basi sanaa utaifundisha kwa mdomo?" Nikamjibu nitafundisha kwa kilichopo. Akacheka, na kusema kweli mimi mwenyewe sikujua kilichopo ni kipi.

Ninyi mnaofundisha siku hizi mna video kwenye simu, basi niwaeleze tulivyofanya sisi. Picha yetu tuliiita picha mseto, yaani ndani yake kuna rangi na kuna vitu halisi vilivyobandikwa. Ni ndogo, ya viganja viwili, juu ya kipande cha boksi la sabuni. Kwanza unaandaa uso: unapaka boksi uji mwepesi wa muhogo, unaacha ukauke, la sivyo boksi linakunywa rangi yote. Nyekundu ni udongo wa njiani uliochujwa kwa kitambaa, nyeusi ni mkaa wa kusaga. Gundi ni uji uleule, ila mzito, uliopikwa na majani ya mwarobaini ili wadudu wasiile picha.

Kabla ya yote hayo, unatazama. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi bombani kutazama foleni ya ndoo. Kule Kitangari maji ni ya kungojea, na mtu akichoka kusimama huiacha ndoo isimame badala yake, yeye akaenda kivulini kupiga soga. Ndoo ya Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu, ilijulikana na kijiji kizima: mkono wa ndoo hiyo ulizungushiwa mpira wa baiskeli. Nami nikamtengeneza Mama Zuhura akiwa foleni, uso wa udongo, mpira halisi kwenye ndoo, na kiunoni kipande cha kanga kuukuu aliyonipa mwenyewe nifanye dekio.

Ile kanga iliandikwa SINA UBAYA NA MTU. Nilipozungusha mkasi kufuata nyonga, SINA ikaenda zake. Wala sikuona! Nilikuwa natafuta umbo, herufi kwangu zilikuwa mapambo tu. Picha ikatundikwa nje ya ofisi kungojea siku ya wazazi, na akina mama wa Kitangari, ambao kanga wanaisoma kabla hawajaitazama maua, wakasoma: UBAYA NA MTU. Na ule mpira wa ndoo wanaujua ni wa nani. Kufika jioni, habari iko bombani kwamba Mwalimu kamwandika mwenye nyumba wake ana ubaya.

"Shikamoo, Mama Zuhura," nikasema asubuhi.

Akaendelea kupepeta mbaazi zake. Jamani! Afadhali angenitukana. Mtu asipokuitikia shikamoo uani kwake, na wewe unalala kwake, utakwenda wapi?

Mkuu wa Shule akaniita. "Wazazi wanakuja keshokutwa. Yule mama asipotulia, ondoa picha zote, uwafundishe watoto kuchora maua. Maua hayana ndugu wa kuja kulalamika." Niliumia sana. Kuwatazama watu na kuwaweka kwenye boksi ndiyo kazi niliyoipenda, na sasa nilikuwa nanyang'anywa kwa sababu ya silabi mbili.

Nikaitungua picha, nikaenda nayo uani pamoja na mabaki ya kanga. Nikapiga magoti. "Mama, aliyekusema ni mkasi, si mimi. Neno lenyewe hili hapa, lilikuwa kwenye takataka."

Akakichukua kile kipande cha SINA, akakigeuza. "Kwa hiyo ulinikata ulimi?"

"Nilikata nyonga, mama."

Akajikaza, akashindwa, akaangua kicheko mpaka mbaazi zikamwagika. "Nyonga yangu ndiyo nyembamba hivi? Hebu ongeza upana, na maneno yote yaingie!" Halafu, kama aliyekumbuka kitu: "Na marahaba."

Picha ikarudi ukutani ikiwa imenenepa, na wazazi wakaisoma yote.

Baadaye nilihamishiwa Newala, kisha Chidya, nikamalizia Masasi mjini chini ya Mratibu wa Taaluma aliyetaka kila picha iwe na maelezo pembeni. Kote huko sharti langu lilikuwa moja: ukitaka kumbandika mtu, mwonyeshe kabla ya kupaka gundi. Wanafunzi walinuna, maana lilichelewesha kazi. Baadhi yao ni walimu leo na wanalitumia bila kunitaja. Sina neno, nafurahi.

Sasa nimestaafu. Magoti yanauma lakini mikono bado inataka gundi, na nina amani. Juzi nilikwenda Kitangari kumsalimu Mama Zuhura. Aliitikia kabla sijamaliza, akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Nichore tena," akasema. "Sasa nimezeeka, nina mikunjo, utapata kazi."

"Nitakuonyesha kwanza, mama, kabla sijabandika."

"Macho yameondoka, mwanangu, sioni kitu. Wewe bandika."